Mtaka cha Mvunguni: Historia ya Adabu ya Kuuliza Miongoni mwa Washairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mtu akizipekua kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili yaliyochapwa tangu miaka ya 1920, hatakawia kugundua kwamba mengi ya mashairi hayo ni maswali. Mmoja ataka aelezwe maana ya neno alilolisikia kwa wazee. Mwingine ataka kujua, baina ya mali na elimu, ni ipi iliyo bora. Wa tatu ametunga beti zake, akaona mizani haitimii, naye anawaomba mabingwa wamtazamie kosa liko wapi. Kila mmoja wao huuliza kwa namna yake, lakini wote hufuata desturi moja: huanza kwa kubisha hodi, hujishusha, hutaja jitihada aliyokwisha kuifanya, hutoa swali lake, kisha hukaa kitako kungoja jawabu.

Makala haya yanakusudia kuichunguza desturi hiyo na historia yake. Wataalamu wetu wameandika mengi juu ya vina, mizani na bahari za ushairi, na mengi pia juu ya dhamira. Adabu inayomwongoza mtunzi anapohitaji msaada wa watunzi wenzake haijapewa nafasi inayoistahiki. Aghalabu hutajwa kwa kupita, kama kwamba zile hodi na zile taadhima za mwanzo ni mapambo tu ambayo mhakiki hana budi kuyaruka ili aifikie maana.

Rai yetu ni kwamba mapambo hayo yalikuwa mkataba. Ikumbukwe kwamba ushairi wa magazetini haukuwa kazi ya kumpatia mtu riziki. Shaaban Robert alikuwa karani katika idara ya forodha kwa miaka mingi. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali. Na wengineo walikuwa walimu, wavuvi, wakulima na wachuuzi. Watu hawa walikutana kwa kuipenda sanaa tu. Hapakuwa na mshahara wa kumlazimisha bingwa amjibu mwanagenzi, wala hapakuwa na mtihani wa kumlazimisha mwanagenzi amsikilize bingwa. Kilichowafunga pamoja ni adabu, na adabu hiyo ilikuwa na pande mbili. Mwulizaji aliwajibika kujitaabisha na kunyenyekea. Mjibu naye aliwajibika kutomfedhehesha na kulitoa jawabu lake hadharani. Tutajaribu kuonyesha kwamba pale ambapo upande wa pili ulisahauliwa, ule wa kwanza uligeuka kuwa ukuta.

2. Maneno yenyewe

Kwanza kabisa tuyatazame maneno. Kiswahili kina kitenzi *uliza*, ambacho ni cha asili ya Kibantu na kina ndugu zake katika lugha jirani, kama *buuza* ya Kiganda. Kina pia *omba*, ambacho ndugu yake *lomba* hupatikana katika lugha nyingi, zikiwamo Kibemba na Kikongo. Hivi viwili havilingani: aulizaye hutaka kujua, na aombaye hutaka kupewa. Hata hivyo katika mashairi ya maswali vitenzi hivi hutembea bega kwa bega, na mara nyingi mtunzi huanza kwa kuomba kabla hajauliza.

Kutoka Kiarabu tumepata *swali* na kitenzi *saili*. Katika Kiarabu chenyewe, jina linalotokana na mzizi huo hubeba maana mbili kwa pamoja: mtu anayeuliza na mtu anayeomba sadaka. Sura ya 93 ya Kurani, yaani Sura ya Dhuha, inakataza kumkaripia mtu huyo, na wafasiri wamelieleza neno hilo kwa njia zote mbili: wako waliosema kwamba anayekusudiwa ni maskini, na wako waliosema kwamba ni mtafuta elimu. Mshairi wa pwani aliyesoma chuoni aliijua sura hii tangu utoto wake, maana ni miongoni mwa sura fupi anazoanza nazo mtoto. Kwa hivyo fikira ya kwamba mwenye swali ana haki juu ya mwenye jawabu, kama vile fakiri alivyo na haki juu ya tajiri, haikuwa ngeni kwake.

Neno la tatu ni *hodi*. Mgeni hubisha hodi mlangoni naye hangojei zaidi ya mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Washairi walilichukua neno hili la mlangoni wakalitia katika ubeti wa kwanza. Kwa kulitumia, mwulizaji alikiri kwamba mahali anapoingia ni kwa watu, na kwamba mwenyeji ana hiari ya kuitika au kunyamaza. Neno *karibu* katika jawabu lilikuwa na uzito uo huo: lilimpa mwulizaji kiti.

3. Mji wa kitendawili

Kabla ya gazeti, na kabla ya shairi la kuandikwa, kila mtoto wa Kiswahili alifundishwa adabu ya kuuliza na kujibu katika mchezo wa vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenziwe huitikia, "Tega!" Hutega. Wakishindwa kukitegua, mtegaji hasemi jawabu bure. Husema, "Nipeni mji." Hapo hupewa mji, na akiridhika nao huenda huko, akala na kunywa kwa maneno, kisha ndipo hutoa jawabu.

Mji huo ni wa mchezo, lakini funzo lake si la mchezo. Mtoto hufunzwa mambo matatu. La kwanza, jawabu lina thamani na hulipiwa. La pili, haruhusiwi kuuomba ufumbuzi kabla hajajaribu. Sharti kwanza abahatishe, akosee, achekwe kidogo. La tatu, akisha kukiri kwamba ameshindwa na akatoa mji, mtegaji hana ruhusa ya kumnyima jawabu. Mwenye kupokea mji kisha akalificha jawabu ameuvunja mchezo wenyewe.

Watu wazima nao walikuwa na mchezo wa aina hiyo katika ngoma ya gungu, iliyokuwa ikichezwa harusini na katika sherehe za wakubwa. Edward Steere aliieleza ngoma hiyo na nyimbo zake katika kitabu chake cha hadithi za Unguja kilichochapwa mwaka 1870. Humo mwimbaji hulifunga fumbo kwa wimbo, na aliye hodari hulifungua kwa wimbo. Wasemao kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, wanausema ukweli, lakini wanausahau uwanja: katika gungu fumbo lilifumbwa mbele ya watu wote, na lilipofumbuliwa, hata aliyekuwa kimya pembeni alirudi nyumbani na elimu ambayo hakuja nayo.

4. Mvita na Lamu katika karne ya kumi na tisa

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya miaka ya 1776 na 1840 hivi, hutajwa kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Ni kweli kwamba shairi la mishororo minne, lenye vina vya kati na vya mwisho, lilipata umaarufu mkubwa mikononi mwake, akalitumia kwa mambo ya kila siku: mapenzi, njaa, safari, na zaidi ya yote siasa za Mazrui wa Mombasa na wapinzani wao wa Lamu na Unguja. Beti zilisafiri na majahazi. Aliyetupiwa ubeti alipaswa kuurudisha, na Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa Shela mnamo mwaka 1812 au 1813, vilitanguliwa na kufuatwa na majibizano ya mashairi baina ya miji hiyo.

Sheria iliyotawala majibizano hayo ndiyo inayotuhusu hapa. Mjibu hulivaa vazi la mwulizaji. Swali likija kwa vina fulani, jawabu nalo huja kwa vina hivyo hivyo. Likija kwa bahari fulani, jawabu halihami bahari. Wahakiki wengi wameiona sheria hii kuwa ni kipimo cha ufundi tu. Kipimo cha ufundi ni kweli kimo, lakini kuna jambo jingine. Mwulizaji ndiye aliyechagua vina. Bingwa, hata awe na daraja gani, humbidi ajifunge katika mipaka iliyowekwa na mtu aliyekuja kwake kwa haja. Hivyo mnyenyekeo wa mwulizaji hulipwa kwa mnyenyekeo wa mjibu, na mizani husawazika.

Ili jambo hili lionekane wazi, na kwa kuwa hatukukusudia kunukuu kazi ya mtu, mwandishi wa makala haya ametunga beti mbili kwa mfano wa desturi hiyo. Mwulizaji anasema:

Hodi hodi mabingwani, mwanafunzi nimefika,
Nina neno li moyoni, usiku lanizunguka,
Dasi hiyo kitu gani, manahodha waitaka?
Nimetafuta chuoni, sikupata nimechoka.

Naye mjibu anasema:

Karibu sana jamvini, wala usione shaka,
Ni kamba ya ukingoni, tanga inapolishika,
Hushonewa kwa makini, tanga lisije pasuka,
Mengine yako majini, chuo hakikuandika.

Msomaji atazame mshororo wa mwisho wa kila ubeti. Mwulizaji hakusahau kutaja kwamba alitafuta kitabuni kabla ya kuja. Huko ndiko kujitaabisha tulikokutaja, na ndiko kunakomtenga mwenye haja ya kweli na mvivu anayetaka kutafuniwa. Mjibu naye hakumlaumu kwa kutojua. Ameitoa aibu juu ya mabega ya mwulizaji na kuiweka juu ya kitabu: si kosa lako, chuo ndicho ambacho hakikuandika. Maneno machache tu yametosha kumrudishia mtu heshima yake.

5. Gazeti na mlango mpana

Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam na serikali ya Tanganyika. Huku Kenya gazeti la Baraza lilianza mwaka 1939, likaendelea kwa miaka arobaini hivi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili magazeti mengine yalifuata, na Taifa Leo la Nairobi nalo likawapa washairi ukurasa. Kwa magazeti haya jambo kubwa lilitokea ambalo athari zake bado tunazo: jamvi la mabingwa, lililokuwa kibarazani Mvita au Lamu, lilitandikwa kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mtu wa Dodoma, wa Tabora, au wa Kisumu aliweza kuketi juu yake kwa bei ya stempu.

Hapo ndipo adabu ya kuuliza ilipopata sura iliyokamilika. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mhariri: mtunzi alimbishia hodi, akamwombea afya njema, akamsihi ampe nafasi ukurasani. Mhariri alikuwa bawabu, na bawabu hapitwi bila ya salamu. Ubeti wa pili ulikuwa wa malenga. Ama mtunzi alimtaja mmoja wao kwa jina au kwa lakabu, kama vile Snow-White, lakabu ya Akilimali. Ama aliwaachia wote wenye ujuzi. Kumtaja mtu mmoja kulikuwa na hatari yake, kwani asiyetajwa aliweza kuona amedharauliwa. Ndiyo maana wengi walimtaja mmoja kisha wakawaomba radhi waliobaki. Kisha zilifuata beti za kuomba udhuru: mimi ni mdogo, ni mgeni wa lugha, nikikosea nisahihisheni. Halafu swali. Mwisho kaditama, neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa jambo limetimia, pamoja na jina la mtunzi na mji wake, ili jawabu lijue linakokwenda.

Watu wa leo huweza kuziona beti hizo za mwanzo kuwa ni za kupoteza wakati. Lakini tumfikirie Mnyampala. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917, mbali na bahari na mbali na koo za kishairi za pwani. Hakuwa na babu aliyepokezana beti na Muyaka. Aliingia jamvini kwa kuijua sanaa na kuishika adabu yake, na akaishia kuwa mmoja wa watu ambao wengine waliwabishia hodi. Kama kigezo cha kukubaliwa kingekuwa nasaba, asingepita. Adabu ilikuwa ni kitu anachoweza kujifunza mtu yeyote, na kwa sababu hiyo ilikuwa mlango. Ushahidi mwema wa jambo hili ni kitabu Historia ya Kiswahili, kilichochapwa mwaka 1977 na kubeba majina mawili: Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa na Mathias Mnyampala wa Dodoma. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, Mnyampala mwaka 1969 na Chiraghdin mwaka 1976. Pwani na bara ziliketi katika jalada moja.

Pamoja na magazeti vilikuja vitabu vya kanuni. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kinaweza kusomwa kama mkusanyo wa majawabu: yale yaliyokuwa yakiulizwa tena na tena, mizani ni nini, kina hukaaje, kituo kina kazi gani, yaliwekwa pamoja ili kila mwanagenzi ayapate bila ya kumsumbua mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya hisani kubwa. Lakini ilibadilisha pia hali ya mwulizaji. Zamani, kutojua kanuni kulikuwa na udhuru, kwani mwalimu hakuwa karibu. Kitabu kilipopatikana, kutojua kulianza kuonekana kuwa ni uzembe. Swali lilelile lililopokewa kwa *karibu* mwaka 1930 liliweza kupokewa kwa kukunja uso mwaka 1960.

6. Ngonjera, au swali lisilouliza

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi wa Tanzania walitakiwa kuieneza siasa ya ujamaa, na chombo kilichotumika zaidi kilikuwa ngonjera. Mnyampala ndiye aliyeikuza aina hii, na mkusanyo wake wa Ngonjera za Ukuta ulitolewa katika miaka ya 1970 na 1971. Ngonjera ni shairi la watu wawili au zaidi wanaojibizana jukwaani. Mmoja hajui, na mwingine anajua. Asiyejua huuliza au hubisha, ajuaye hueleza, na mwishoni asiyejua hukubali na kushukuru.

Hatukusudii kuibeza kazi hiyo. Ngonjera iliwaingiza wanafunzi wengi katika ushairi, na hata leo shuleni Kenya hakuna tamasha lisilokuwa nayo. Ila kwa upande wa mada yetu hatuna budi kusema kwamba ngonjera iligeuza jambo. Katika majibizano ya Muyaka au ya magazetini, mwulizaji alikuwa mtu wa kweli aliyehatarisha jina lake, na mjibu alihatarisha lake pia, kwa kuwa aliweza kujibu vibaya akasahihishwa na wa tatu. Hakuna aliyejua mapema mwisho utakuwaje. Katika ngonjera mwulizaji amekwisha kushindwa kabla hajafumbua kinywa. Ujinga wake umeandikwa ili ushindwe. Adabu zote za kuuliza zimo, hodi imo, unyenyekevu umo, lakini haja haimo. Tulipozoea kuliona swali katika sura hiyo, tulianza kumtazama kila mwulizaji kama mtu aliyekuja jukwaani ili atiwe adabu.

7. Mlango unapogeuka ukuta

Mambo hayo yalidhihirika katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walieleza katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wote wa Kiswahili. Jumanne Mayoka aliijibu rai hiyo katika Mgogoro wa Ushairi, mwaka 1984. Historia ya mgogoro huo inajulikana, wala hatutairudia hapa.

Tunalotaka kulisema ni hili. Chini ya mabishano yale palikuwa na swali la kweli: kina kinaifanyia nini maana? Hilo ni swali ambalo bingwa yeyote angefurahi kuulizwa, na lina majawabu mazuri. Lakini liliulizwa na vijana waliotoka chuo kikuu, tena liliulizwa nje ya vina. Hawakubisha hodi kwa njia iliyozoeleka. Wapo wakongwe walioliona swali kuwa ni dharau, wakalijibu lile umbo badala ya kulijibu swali: asiyejua kutunga hana haki ya kuuliza kwa nini tunatunga hivi. Kwa upande wao, baadhi ya wanamapinduzi waliona kunyenyekea kuwa ni utumwa, wakazungumza kana kwamba mabingwa hawakuwa na lolote la kufundisha. Kila upande uliushika upande mmoja wa mkataba na kuuacha wa pili. Mwulizaji hakujishusha, na mjibu hakumkaribisha. Tulipoteza miaka mingi ya mazungumzo ambayo yangetufaa.

Pia tusisahau kwamba mlango wa magazeti, hata ulipokuwa wazi, haukuwa wazi sawasawa kwa wote. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858, alimwita binti yake aje karibu na wino na karatasi, akamfunza bila ya kungoja aulizwe. Wanawake wa Mombasa na Lamu walikuwa na majamvi yao, katika lelemama na vugo, ambamo beti zilirushwa na kurudishwa kama kwa wanaume. Lakini mengi ya hayo hayakufika gazetini. Elimu iliyoulizwa na kujibiwa humo ilibaki katika vifua vya walioshiriki, na wengi wao wamekwisha kwenda nayo.

8. Sisi watafiti kama waulizaji

Hadi hapa tumewazungumza washairi. Yafaa sasa tujizungumze sisi wenyewe, kwa kuwa hakuna mtaalamu wa lugha ambaye hakupata kubisha hodi kwa mtu.

W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyefika pwani katika miaka ya 1880, alikusanya tungo za Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Sikujua, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, ndiye aliyejua nani aliimba nini na kwa sababu gani, aliandika, akaeleza. Alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, na mhariri wake alikuwa William Hichens. Miaka hamsini ilipita baina ya mjibu na kitabu, na jina linalosomwa jaladani si lake. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, alimnakilia Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann miswada mingi, akawaeleza maneno magumu. Alilipwa kwa kunakili, na hilo ni haki. Lakini maelezo yake yaliingia katika vitabu vya watu wengine, na ilibidi tungoje hadi utafiti wa Abou Egl wa mwaka 1983, na kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke cha mwaka 2010, ndipo Kijuma aanze kuonekana kuwa ni mwanachuoni kwa nafsi yake.

Katika zama zetu hizi wengi tulibisha hodi kwa Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu na kufariki mwaka 2017. Yeye ndiye aliyetunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapwa mwaka 1979, utenzi juu ya uundaji wa jahazi la Lamu, ambao ndani yake majina ya mbao, kamba na misumari yamehifadhiwa. Neno *runinga* nalo hunasibishwa naye. Watafiti kutoka Ulaya, Marekani na vyuo vyetu wenyewe walikuja kwake na maswali, na kazi nyingi za utafiti zisingeandikika bila ya majawabu ya aina hiyo.

Ukiitazama historia hii kwa jicho la mshairi wa Mambo Leo, utaona kwamba sisi watafiti tuliushika vizuri upande wa kwanza wa adabu. Tunabisha hodi. Tunanyenyekea, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunataja vitabu tulivyokwisha kuvisoma. Lakini tukisha kupewa jawabu, hulifanya letu. Tumeula mji na kuuficha. Mshairi wa gazeti hakuweza kufanya hivyo, kwa kuwa jawabu lilichapwa pale pale swali lilipochapwa, na jina la mjibu chini yake. Jamvi lote liliona nani aliuliza na nani alijua. Katika desturi ile, kuuliza hakukumalizika kwa kupata. Kulimalizika kwa ubeti wa shukrani wenye jina la aliyetoa.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba adabu ya kuuliza miongoni mwa washairi wa Kiswahili ilianza katika michezo ya watoto, ikakomaa katika majibizano ya Mvita na Lamu, ikaenea kwa magazeti, na ikatikisika ngonjera na mgogoro wa ushairi vilipoingia. Katika vipindi vyote hivyo kazi yake ilikuwa moja: kuwawezesha watu wasiolipana, na mara nyingi wasiojuana, kusaidiana bila ya kudharauliana. Siku hizi swali husafiri kwa simu ya mkononi na jawabu likarudi kabla chai haijapoa. Kasi hiyo ni neema, lakini haimwondolei mwulizaji wajibu wa kutafuta kwanza, wala haimwondolei mjibu wajibu wa kusema karibu.

Kwa upande wetu wa vyuoni, jambo la kufanya li wazi wala halihitaji fedha. Katika tasnifu na makala zetu, mzee aliyetufafanulia neno apewe nafasi ile ile apewayo mwandishi wa kitabu: jina lake, mji wake, na siku aliyosema. Asiishie katika orodha ya shukrani mwanzoni, mahali ambapo msomaji hapiti. Atajwe penye jawabu lake. Na mwanafunzi anayekuja ofisini kwetu na swali ambalo liko katika kila kitabu, kabla hatujamrudisha maktabani, tukumbuke ubeti wa *dasi*. Huenda alikwisha kwenda huko, na chuo hakikuandika.